Jinsi ya kuongea mbele za watu ukaeleweka, bila kuwapiga fiksi

Ukisoma kitu ukapotea unarudi juu unasoma tena. Ukikuta namba ya ajabu unasimama unaitafuta, ukichoka unafunga unaenda zako. Mtu aliyekaa kwenye kiti anakusikiliza hana hiyo nafasi, sentensi ikishapita imepita, mwendo unaamua wewe, nini kianze nini kifuate unaamua wewe, na kama umetia chumvi dakika ya tatu yeye ameshapokea kabla hajapata hata muda wa kujiuliza.

Karibu kila ntakachoeleza hapa kinatokea hapo. Watu wengi wanafundisha ufundi wa kuongea kama somo lake, halafu maadili yanawekwa mwishoni kama muda ukibaki, mi hapo sikubaliani kabisa, maana kazi inayofanya ueleweke ndo ile ile inayofanya usiwadanganye watu: kukijua unachosema, kukipunguza, na kumjali aliyekupa masikio yake. Na hili sio jipya. Aristotle, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema mtu anashawishika kwa njia tatu, kwanza anavyomwona msemaji ni mtu wa kuaminika au la, pili hisia zake mwenyewe msikilizaji, tatu hoja zenyewe, na akaongeza kwamba kuaminika kwa msemaji pengine ndo kuna nguvu kuliko vyote. Quintilian, mwalimu wa hotuba kule Roma karne ya 1, naye alisema msemaji wa kweli ni mtu mwema aliyebobea kwenye kuongea. Wema kautanguliza.

Anza na watu, sio na slaidi

Kabla hujafungua kompyuta jiulize nani watakuwepo, wanajua nini tayari, wamekuja wenyewe au wameitwa na bosi, wanahofia nini kwenye hii mada, na unataka wakitoka hapo wafanye nini. Usikisie kutokea chumbani kwako. Mpigie aliyekualika, muulize hata mtu mmoja tu kati ya watakaokuja, "kwenye hili jambo we kinakuchanganya nini?" Jibu la huyo mtu mmoja lina faida kuliko saa nzima ya kuchagua rangi za slaidi.

Kwa nini nakazania hili? Mwaka 1990 pale Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton alifanya jaribio moja zuri sana: mtu anagonga mezani mapigo ya wimbo unaojulikana na wengi, mwenzake anasikiliza abahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walitegemea nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kwenye nyimbo 120 zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani mwake, mwenzake anasikia ko ko ko. Sasa we ambaye umekaa na mada yako miaka ndo uko kwenye nafasi ya mgongaji, unadhani umeeleza kumbe umegonga meza. Njia ya kutoka hapo ni moja tu, mweleze mtu asiyeijua mada, halafu yeye akueleze ulichosema, bila kumsaidia. Anapokwama ndo pa kurekebisha.

Sentensi moja

Chukua mfano tutembee nao. Umepewa dakika 7 uwaambie wafanyakazi wenzako kuhusu kuchangia damu. Wengi hapo wanaandika juu ya karatasi "umuhimu wa kuchangia damu" wanaanza kukusanya maneno. Hiyo ni mada, bado huna cha kusema. Umuhimu upi, kwa nani, ili iweje? Bana mpaka ipatikane sentensi moja ambayo mtu anaweza kuibeba nyumbani akamwambia mwingine, mfano: "Damu haitengenezwi kiwandani na haikai muda mrefu, kwa hiyo hospitali inahitaji watu wanaorudi kuchangia, sio watu wa kuja mara moja tu ikitokea ajali."

Sasa una hoja, na sentensi hiyo ndo itakayokuambia nini kibaki nini kitoke. Kwamba chembe nyekundu zikihifadhiwa vizuri zinafika siku 42 hivi, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinakaa siku 5 mpaka 7 tu, hilo libaki, tena ndo moyo wa hotuba yenyewe. Kwamba Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwaka 1901, ni stori nzuri kweli, ila haimsukumi mtu kurudi kuchangia, itoe. Inauma kutoa kitu ulichokitafuta kwa bidii, najua, ila msikilizaji hana pa kukiweka.

Pointi ziwe mbili au tatu, na zifuatane kwa sababu sio kwa bahati. Kwenye damu yetu: kwa nini haikai, kwa nini wanaokuja mara moja hawatoshi, na kuchangia kwenyewe kunakuwaje hatua kwa hatua. Ukiongea tamka wazi unapovuka, "hiyo ndo sababu ya kwanza, sasa tuje kwenye ya pili." Kwenye maandishi ingeonekana kama unarudia rudia, kwenye masikio ndo kichwa cha habari chenyewe, na aliyepotelewa hapo katikati anapata pa kuingilia tena.

Kuna mpangilio mmoja wa hatua tano unaofundishwa sana, aliubuni Alan Monroe wa Chuo Kikuu cha Purdue miaka ya 1930: shika usikivu wao, onyesha tatizo, toa suluhisho, waonyeshe hali itakavyokuwa likifanyika au lisipofanyika, halafu waambie wafanye nini. Unafanya kazi vizuri ukitaka watu wachukue hatua. Ila chunga hatua ya pili na ya nne, hapo ndipo wasemaji wanapopenda kukuza mambo, tatizo linapakwa rangi mpaka linakuwa janga, na suluhisho linauzwa kama muujiza. Tatizo liseme lilivyo. Kama bila kulikuza halitishi basi pengine sio kubwa kama ulivyodhani, na hilo nalo ni la kujua mapema.

Mwanzo uwe mfupi. Salamu, shukrani, kisha ingia. Usianze kwa kuomba radhi kwamba hukupata muda wa kujiandaa, unawaambia watu waziwazi kwamba muda wao hukuuthamini. Anza na kitu kinachoonekana: "Leo asubuhi kwenye friji ya benki ya damu kuna mifuko ambayo wiki ijayo itakuwa imeisha muda wake." Halafu na mwisho uuandike neno kwa neno kabla hata ya katikati, la sivyo utajikuta unazunguka mbuyu, "kwa hayo machache", "basi kwa kumalizia", "jambo la mwisho kabisa", na watu wameshaanza kuvaa mabegi.

Kuhusu muda. Tarehe 19 Novemba 1863 pale Gettysburg, Marekani, msemaji mkuu wa siku alikuwa Edward Everett, akaongea kama saa mbili. Rais Abraham Lincoln akasimama baada yake akasema maneno yasiyozidi 300, kama dakika mbili hivi, na hiyo ndo inayokaririwa mpaka leo. Sisemi kila hotuba iwe dakika mbili. Nasema ukipewa 7 tumia 6, na usipime kwa kuhesabu maneno kama wanavyoelekeza watu wa Kiingereza, maneno yetu ni marefu hesabu haziendani, pima kwa kusoma kwa sauti na saa mkononi. Kupitiliza muda ni kumnyang'anya msemaji anayefuata, na ni kuwanyang'anya waliokaa, maana kwa heshima yao hawawezi kuinuka.

Ukweli wa unachosema

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo panapoharibika sana, tena na watu wenye nia nzuri kabisa.

Kwenye kuchangia damu kuna kauli utaisikia kila mahali, kwamba mfuko mmoja unaokoa maisha ya watu watatu. Inavutia, inakumbukika, na nia yake ni njema. Lakini iangalie karibu. Ukweli ulio nyuma yake ni kwamba mfuko mmoja wa damu, kwa kawaida kama mililita 450, unaweza kutenganishwa ukatoa chembe nyekundu, plazma (yale majimaji ya damu) na chembe sahani, na hivyo vikaenda kwa wagonjwa tofauti. Kwa hiyo unaweza kuwasaidia mpaka watu watatu. "Unaweza kuwasaidia mpaka" na "unaokoa" sio kitu kimoja. Mifuko mingine haitenganishwi, mingine inatupwa ikipimwa ikakutwa na shida, na sio kila anayeongezewa damu alikuwa anakufa. Sasa jaribu kusema ule ukweli kamili: "Mfuko utakaotoa wewe unaweza kugawanywa sehemu tatu, chembe nyekundu zikaenda kwa mama aliyepoteza damu akijifungua, chembe sahani kwa mgonjwa wa saratani, plazma kwa aliyeungua." Umeona? Imekuwa ya kweli zaidi na imekuwa nzuri zaidi, sasa mtu anawaona wale watu watatu. Mara nyingi chumvi inatiwa na msemaji ambaye hakuchimba vya kutosha, akichimba anakuta ukweli wenyewe una picha kali kuliko ile kauli mbiu.

Hata kwenye haya mafunzo ya kuongea mbele za watu kuna namba ya uongo inayotembea miaka na miaka. Utaambiwa maneno yako yanabeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38, mwili 55. Hizo namba zinatoka kwenye tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967, na zile zilihusu kitu chembamba sana, mtu anapotoa ishara zinazopingana kuhusu hisia zake, kama anakupenda au hakupendi, msikilizaji anaamini kipi. Hazikuhusu hotuba, na Mehrabian mwenyewe amekana matumizi hayo. Fikiria tu kidogo, ingekuwa kweli ungeelewa asilimia 93 ya hotuba ya lugha usiyoijua. Namba ikiwa tamu mno, hapo ndo pa kurudi kwenye chanzo chake, sio kwenye slaidi ya mtu aliyeitoa kwenye slaidi ya mtu.

Na chanzo ukitaje kwa mdomo. Msikilizaji hana tanbihi mbele yake, kwa hiyo "tafiti zinaonyesha" haimsaidii kitu, tafiti za nani, za lini? Sema "kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani", taja mwaka, endelea, ni sekunde tatu tu. Maneno ya mtu ni hivyo hivyo. Mwaka 1987 Joe Biden akiwa anagombea kuteuliwa na chama chake kwenye urais wa Marekani alitumia maneno ya Neil Kinnock, kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza, kuhusu kuwa wa kwanza kwenye ukoo kufika chuo kikuu, kama vile yametoka kichwani mwake. Siku nyingine alikuwa anamtaja Kinnock, siku hiyo hakumtaja. Ikaripotiwa, yakaibuka na mengine, na Septemba mwaka huo huo akajitoa kwenye mbio. "Kama alivyosema fulani" ingetosha kabisa, tena kumtaja mtu hakukupunguzii, kunaonyesha umesoma.

Siku hizi kuna wanaoandikiwa hotuba na programu za akili bandia. Kama umeitumia kupanga mawazo sawa, ila jua hizo programu zinaweza kukutungia nukuu ambayo haijawahi kusemwa na mtu, na ikakaa vizuri tu. Kila jina, kila mwaka, kila nukuu hakikisha mwenyewe. Aliyesimama pale mbele ni wewe, wakikuuliza huwezi kusema niliandikiwa.

Ufundi bila ukweli unafika mbali, na hilo ndo tatizo lake. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba Iraq ina silaha za maangamizi. Ukitazama kama uwasilishaji ulikuwa wa hali ya juu, picha za setilaiti, sauti zilizorekodiwa, kichupa mkononi, utulivu, na juu ya yote jina lake, maana alikuwa mtu anayeaminika sana. Maghala ya silaha hizo hayakupatikana. Mwaka 2005 mwenyewe alisema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba ile hotuba ni doa kwenye rekodi yake. Watu walimwamini kwa sababu ni yeye, ndo maana kadiri unavyoaminika unatakiwa kukagua zaidi na sio kidogo.

Hisia zitumie, ila kwa haki

Kuna watu wakisikia maadili wanadhani hotuba iwe kavu kama ripoti. Hapana. Binadamu anaamua kwa hisia pia na mada nyingine bila hisia hujaisema. Ninachopima mimi ni hiki: wasikilizaji wangeijua mbinu unayoitumia, bado ingefanya kazi? Ukiwasimulia kisa cha kweli cha mgonjwa aliyeongezewa damu akapona, wakijua kwamba umekichagua ili kiwaguse, bado kinawagusa, hapo uko salama. Ukiwaambia nafasi zimebaki chache wakati hazijabaki chache, wakijua, wameondoka. Hapo ulikuwa unawachezea akili.

Kisa cha mtu mwingine ni mali ya huyo mtu. Omba ruhusa, hata kama ni ndugu yako, na hasa kama ni mambo ya afya, pesa au ndoa. Kama umebadilisha majina na mazingira ili asijulikane waambie umebadilisha. Kama umekitunga ili kufafanua jambo anza na "tuseme kuna mtu", Kiswahili kinakuruhusu kabisa na wala nguvu haipungui.

Kuna kitu kimoja nakiona sana na kinanikera: msemaji anaanza kwa kusema "nyoosheni mikono ambao hamjawahi kuchangia damu", wanaonyoosha wanachekwa kidogo, ukumbi unachangamka, kazi inaendelea. Kati ya walionyoosha kuna mwenye upungufu wa damu, kuna anayetumia dawa ambazo haziruhusu, kuna mwenye ugonjwa ambao hata mke wake hajamwambia. Umewaweka hadharani kwa ajili ya kuchangamsha watu dakika moja. Uliza kinyume chake, au waambie wajibu kimoyomoyo, utapata usikivu ule ule. Utani nao ni hivyo hivyo, usimcheke mtu kwa mwili wake, lafudhi yake, au hali ambayo hakuichagua, hata kama atacheka na yeye, maana mbele za watu atafanya nini zaidi ya kucheka?

Halafu sema upande wa pili. Wapo wanaohisi kizunguzungu baada ya kuchangia, wapo wanaovilia damu mkononi, na sio kila mtu anaruhusiwa. Waambie, waambie pia nini kinafanyika likitokea, unapumzishwa, unakunywa kitu, unakaa mpaka utulie. Msemaji anayeficha hilo anadhani ataongeza wachangiaji, kumbe yule atakayepata kizunguzungu bila kuambiwa ndo hatarudi tena, na hotuba yako nzima ilikuwa ni ya kurudi.

Mazoezi na ule woga

Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti, na sio kwa kusoma kimoyomoyo kitandani. Mdomo una mambo yake, sentensi iliyokaa vizuri kwenye karatasi inaweza kukukaba shingo ukiitamka, na hapo ndo unaikata mbili. Usikariri yote, ukikariri yote neno moja likitoroka yanatoroka yote. Kariri sentensi mbili za mwanzo na za mwisho, katikati beba kikaratasi chenye maneno machache makubwa. Namba na nukuu ziandike kamili, hizo soma, hakuna ubaya wowote, bora kusoma namba sahihi kuliko kuchapia kwa kujiamini.

Jirekodi kwa simu hata mara moja. Hutaipenda sauti yako, hakuna anayeipenda, endelea tu kusikiliza ukitafuta vitu viwili: unakimbia wapi, na neno gani unalirudia bila kujua, kuna watu wa "eee", kuna watu wa "yaani", kuna wa "sawasawa eeh?" kila baada ya sentensi. Toastmasters, vile vyama vya kufanyia mazoezi ya kuongea mbele za watu, vilivyoanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, vina hadi mtu aliyepangiwa kazi ya kuhesabu hivyo viziba pengo kwenye mkutano. Dawa yake sio kujichunga kila sekunde utachanganyikiwa, dawa ni kunyamaza. Ukikosa neno, nyamaza. Ukimya wa sekunde mbili kwako ni kama mwaka, kwa wanaosikiliza ni nafasi ya kumeza ulichosema.

Woga hauishi na sio lazima uishe. Moyo kwenda mbio, mikono kutoka jasho, mdomo kukauka, huo ni mwili unajiweka tayari kwa kazi. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha utafiti mwaka 2014 akionyesha kwamba watu waliojiambia kabla ya kuongea kwamba wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia, na ina mantiki, mwili umeshawaka, ni rahisi kuuambia "nina hamu" kuliko kuuambia zima. Fika mapema, simama pale mbele ukumbi ukiwa mtupu, salimiana na watu wanaoingia, ukianza kuongea unakuwa unaongea na watu uliowasalimia. Na kikubwa zaidi, hamisha macho kutoka kwako. Swali la "wananionaje" halina mwisho, swali la "wamenielewa" unaweza kulifanyia kazi hapo hapo.

Kuacha karatasi kunatokana na maandalizi. Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, tarehe 28 Agosti 1963 pale Washington, mbele ya watu kama 250,000, alikuwa na hotuba iliyoandikwa, mwimbaji Mahalia Jackson akamwambia kwa sauti awaambie kuhusu ndoto, naye akaiacha karatasi akaenda. Lakini ile ndoto alikuwa ameshaisema mbele za watu kabla, ikiwemo Detroit mwezi Juni mwaka huo huo. Alikuwa na kitu cha kuangukia.

Ukishasimama

Tembea mpaka mbele bila kuongea. Weka karatasi. Tazama watu, chagua uso mmoja, vuta pumzi, itoe yote, ndo uanze. Hizo sekunde nne tano zinakupa sauti yako halisi badala ya ile ya kukabwa, na ukumbi unatulia wenyewe bila kuwaambia "naombeni utulivu". Ukiongea maliza wazo moja ukiwa unamtazama mtu mmoja, kisha nenda kwa mwingine upande mwingine, usiyapeleke macho kama feni.

Maiki tumia hata kama una sauti kubwa. Ishike karibu na kidevu, usiipulize, usiigonge, na ukigeuka kuangalia skrini igeuke na wewe. Kwenye ukumbi wowote kuna asiyesikia vizuri na hatasimama kukwambia. Slaidi ziwe chache na maneno machache, ukiandika aya nzima watu wanasoma, na mtu hawezi kusoma na kukusikiliza kwa pamoja. Ukionyesha picha au chati iseme kwa maneno, "huu mstari unapanda mpaka mwezi wa sita halafu unaanguka", kwa ajili ya asiyeona na kwa ajili ya aliyekaa nyuma kabisa. Na chati ianzie sifuri kama ni ya nguzo, ukiikata chini tofauti ndogo inaonekana mlima, huo ni uongo hata kama namba zote ziko sahihi.

Kipindi cha maswali usikichukulie kama mtihani. Hapo ndo msikilizaji anapata kile alichonyimwa muda wote, nafasi ya kukusimamisha. Sikiliza swali mpaka mwisho, lirudie kwa sauti ili wote wasikie, tena lirudie kwa haki, usiligeuze liwe rahisi. Akija mtu kwa ukali jibu swali acha ukali, usifanye watu wamcheke, waliobaki wanajiuliza wakiuliza wao itakuwaje. Na usipojua sema "sijui, nitatafuta nikuletee kupitia aliyetuandalia", halafu kweli mpelekee. Kubabaisha kwenye swali moja kunatia shaka yote uliyoyasema vizuri kabla yake.

Ikiisha, usiulize watu "nilikuwaje", watakwambia vizuri. Chagua wawili umuulize kila mmoja peke yake, "ungemwelezea mtu ambaye hakuwepo, ungesema nilizungumzia nini?" Majibu yakiwa mbali na ile sentensi yako, sehemu ya kurekebisha ni mpangilio, sio sauti wala mikono. Na ukigundua baadaye kwamba kuna jambo ulilolisema halikuwa sahihi, rudi kwa wale wale, kwenye grupu lao, kwenye barua pepe, au kikao kinachofuata: "Jumanne nilisema chembe sahani zinakaa mwezi, sio kweli, zinakaa siku 5 mpaka 7." Usizungushe, usimtafute wa kumlaumu. Tuma siku hiyo hiyo uliyogundua, kabla hawajaanza kuwasimulia wengine.